Kwa Nini Katuni za Kijapani? Tuliyojifunza Rumonge kwa Kutazama Ponyo

Utangulizi

Katika somo la uhakiki wa fasihi huwa tunawapa wanafunzi wetu kazi ambayo wengi huifahamu hata kabla hatujaitaja: kila mmoja achague kazi moja ya fasihi na aichambue kwa kuzingatia fani na maudhui. Tumezoea kupokea riwaya zilezile na tamthilia zilezile, na pengine uchambuzi uleule uliopita mkono kwa mkono tangu mwaka uliotangulia. Safari hii mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Rumonge, alisimama akaomba ruhusa ya kuchambua katuni ya Kijapani. Darasa lilicheka. Nasi, tukiri mapema, tulicheka pamoja nalo, kisha tukamwambia kwamba katuni ni mchezo wa watoto na kwamba katika idara ya Kiswahili tunasoma fasihi.

Mwanafunzi hakuketi. Alisema: "Mwalimu, katika katuni za Wazungu paka akipondwa na jiwe anainuka, anaendelea kukimbia. Katika za Wajapani aliyekufa amekufa, na waliobaki wanalia. Mimi nazipendelea kwa sababu hiyo."

Makala hii ni jibu letu kwa mwanafunzi huyo, jibu lililochelewa. Tumejaribu kuipima hoja yake kwa vigezo vilevile tunavyovitumia kupima riwaya na ngano. Kwa maoni yetu hoja hiyo, kama alivyoieleza, haisimami. Hata hivyo chini yake ipo hoja nyingine ambayo sisi walimu tungefanya vibaya kuipuuza.

Rumonge na neno la mwanafunzi

Neno lile lingetamkwa na mtu wa mahali pengine huenda tungelipita. Rumonge ni mji ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese na ndagala, na Kiswahili chake kinatokana na biashara ya ziwani tangu enzi za misafara ya Ujiji. Ni mji pia uliokuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa na machafuko ya mwishoni mwa Aprili 1972. Watu wengi walikimbilia Tanzania, na kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirejea pamoja na watoto na wajukuu waliosoma kwa Kiswahili, wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Mtu wa huko akisema kwamba aliyekufa amekufa, hazungumzii kanuni ya utunzi peke yake.

Ipo sababu ya pili iliyotukosesha raha. Kiswahili chenyewe kimepita njia ya dharau katika nchi hii. Wapo tuliokua tukisikia kwamba ni lugha ya sokoni na ya wahuni, isiyofaa kuingia darasani. Baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, sauti hizo zilipungua. Fasihi simulizi nayo ilikaa nje ya mlango wa vyuo kwa muda mrefu kwa sababu tu haikuandikwa kitabuni. Sisi tunaokula mkate wetu kwa lugha hiyo na kwa fasihi hiyo, tuna haki gani ya kumwambia mwanafunzi kwamba anachokipenda si cha darasani?

Wakati wa likizo tulifika Rumonge kwa shughuli nyingine, tukaalikwa nyumbani kwa familia ya mwanafunzi huyo. Jioni, baada ya chakula, alifungua kompyuta yake ndogo akatuonyesha katuni aliyokuwa ameikusudia. Tulitazama pamoja na bibi yake, shangazi yake na watoto watano au sita wa nyumba jirani. Katuni yenyewe ni Ponyo, ya mtunzi na mwongozaji Hayao Miyazaki, iliyotolewa Japani Julai 2008.

Hadithi moja, katuni mbili

Uchaguzi huo ulikuwa mzuri kwa mhakiki, kwa sababu Ponyo ina ndugu yake wa Magharibi. Mwaka 1837 mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, alichapisha hadithi ya binti wa baharini, nusu mtu nusu samaki, aliyempenda mwana wa mfalme na kutamani kuwa binadamu. Mwaka 1989 kampuni ya Walt Disney ya Marekani iliifanya katuni kwa jina la The Little Mermaid. Miyazaki naye aliichukua mbegu ileile akaipanda katika mji mdogo wa bandari. Kwa hiyo tunaweza kulinganisha bila kuonea, kwani chanzo ni kimoja.

Katika katuni ya Marekani, Ariel ni binti mfalme wa umri wa miaka 16. Anauza sauti yake kwa mchawi Ursula ili apate miguu. Mwishoni mchawi anauawa kwa kuchomwa na merikebu iliyovunjika, na binti anaolewa na mwana wa mfalme. Katika katuni ya Kijapani, Ponyo ni samaki mdogo mwenye uso wa mtoto anayetoroka kwa baba yake. Anaokotwa ufukweni na Sosuke, mtoto wa miaka mitano anayeishi na mama yake katika nyumba iliyo juu ya genge. Ponyo anataka kuwa mtu, na tamaa yake inavuruga mizani ya dunia: dhoruba inapiga, bahari inapanda, mji unafunikwa na maji. Mwishoni Sosuke anaulizwa kama atampenda Ponyo hata akijua kwamba alikuwa samaki. Anakubali, na mambo yanatulia.

Mhusika mbaya yuko wapi?

Tofauti ya kwanza inahusu wahusika. Ursula ni mbaya tangu anapotokea hadi anapokufa, na kazi ya hadithi ni kumwondoa. Ponyo haina mtu wa kuondolewa. Fujimoto, baba yake Ponyo, ndiye anayekaribia nafasi hiyo: anamfungia binti yake na kuwachukia wanadamu. Lakini tangu mwanzo tunaonyeshwa wavu wa kukokota ukizoa takataka sakafuni mwa bahari, na tunaelewa kwamba chuki yake ina sababu. Ni mzazi mwenye hofu, aliyekosea njia.

Hapa tunapaswa kujihadhari na kosa moja. Ni rahisi kusema kwamba Wajapani wako karibu zaidi na mila zetu ndiyo maana vijana wetu wanawapenda. Ushahidi hauoneshi hivyo. Ngano zetu zimejaa zimwi ambalo ni baya toka mwanzo na ambalo lazima life ndipo watoto waimbe. Naye Tom na Jerry, paka na panya waliobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, wanafanana sana na fisi na sungura wetu: mkubwa anapanga hila, mdogo anaponyoka, na kesho wanaanza tena kana kwamba jana haikuwepo. Watoto wa Rumonge huwacheka hao pia, tena bila kuhitaji tafsiri, kwa kuwa wahusika hao karibu hawasemi kitu. Kwa kipimo cha ngano ni katuni ya Marekani iliyo jirani yetu, na Ponyo ni mgeni. Mtu anaweza kumpendelea mgeni kwa sababu anampa kile ambacho jirani hakuwa nacho.

Je, aliyekufa amekufa?

Tuirudie kanuni ya mwanafunzi. Kama ni Tom na Jerry, amesema kweli. Lakini katika The Lion King ya mwaka 1994 Mufasa anakufa na mwili wake haunyanyuki. Katika Bambi ya mwaka 1942 mama anapigwa risasi na harudi tena. Zote mbili ni za Disney. Kwa upande wa Japani ipo Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, iliyoongozwa na Isao Takahata mwaka 1988: ndugu wawili, kaka na dada yake mdogo, wanakufa kwa njaa baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu mwaka 1945. Hiyo inamuunga mkono mwanafunzi. Lakini Ponyo yenyewe, aliyotuchagulia, haimuungi mkono hata kidogo. Mji mzima unazama na hatuonyeshwi maiti hata moja.

Tulimwambia hivyo palepale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi si kifo, Mwalimu. Lakini kuna kitu." Nasi tuliamini kwamba kipo, kwa sababu tulikuwa tumekiona kikipita sebuleni nusu saa iliyotangulia.

Taa ya baba

Baba yake Sosuke, Koichi, ni nahodha. Jioni moja alitazamiwa nyumbani, lakini anatuma habari kwamba merikebu yake haitatia nanga. Mama, Lisa, aliyekwisha kupika, anakasirika na kujitupa sakafuni. Usiku merikebu inapita mbali, na mtoto anapanda na taa yake kuzungumza na baba kwa kuwasha na kuzima. Baba anajibu kwa taa kwamba anawapenda. Mama naye anatuma neno lake kwa taa ileile, akilirudia tena na tena: mjinga, mjinga, mjinga. Kisha mtoto anamliwaza mama yake kwa kumpapasa kichwani.

Wanaoishi kando ya Tanganyika hawahitaji maelezo ya tukio hilo. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri. Mtoto wa Rumonge hulala akiona mstari wa taa ziwani na kujua kwamba mojawapo ni ya baba au ya kaka. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaendi, na baba huonekana nyumbani. Watoto waliokuwa wakisukumana mbele ya kompyuta walitulia wote. Bibi, ambaye hadi hapo alikuwa akichambua mchele, aliinua uso akauliza: "Huyo mumewe anavua wapi?"

Kwa maoni yetu hapa ndipo ilipo siri. Katika The Little Mermaid hatumwoni mtu aliyechoka kwa kazi. Bahari ni uwanja wa nyimbo, na wazazi wapo ili wakataze. Katika Ponyo watu wazima wana maisha yao ambayo hayamhusu shujaa: mama anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, anaendesha gari kwa haraka, anapika tambi, anakasirika, anasamehe. Dhoruba inapopiga anawaacha watoto nyumbani kwenda kuwaangalia wale wazee. Hadithi inatenga muda kwa mambo hayo ingawa hayasogezi msuko mbele. Mwaka 2002, akizungumza na mhakiki wa Marekani Roger Ebert, Miyazaki alipiga makofi mara kadhaa, kisha akaeleza kwamba ule muda ulio kati ya kofi na kofi ndio unaoitwa "ma" kwa Kijapani. Mwalimu wa Kiswahili ataukumbuka mara moja ukimya wa mtambaji hodari anapovuta pumzi kabla ya kutaja jina la aliyebisha hodi. Bila ukimya huo msikilizaji hana mahali pa kuweka maisha yake mwenyewe ndani ya hadithi.

Basi pengine hoja ya mwanafunzi isemwe hivi: anapendelea katuni ambamo mambo yana uzito. Kifo ni mfano mmoja tu wa uzito huo, na chakula kilichopoa kwa sababu baba hakuja ni mfano mwingine.

Maji yenye adabu

Hatukukubali kila kitu. Bahari ilipopanda na kuufunika mji, shangazi, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisema: "Maji haya yana adabu." Kila mtu alielewa. Maji ya Tanganyika yalipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, nyumba za ufukweni ziliingiliwa huko Rumonge na Gatumba, na wenye nyumba walihamia walikoweza. Hayakuwa maji maangavu yenye samaki wa kupendeza wakielea juu ya barabara. Katika Ponyo watu wanapanda mashua wakisalimiana kama walio njiani kwenda harusini, na wazee wa viti vya magurudumu wanaanza kutembea. Hilo ni pungufu la kimaudhui: mtunzi anaijenga hofu vizuri, kisha anaisamehe bila malipo. Hata mtihani wa mwisho wa Sosuke unakwisha kwa swali moja na jibu moja.

Hata hivyo katikati ya gharika hiyo upo mkutano mdogo ambao tungeupa nafasi katika kitabu chochote cha shule. Ponyo anampa supu mama aliye mashuani na mtoto mchanga. Mama anamweleza kwamba mtoto hawezi kunywa supu, lakini yeye akiinywa itageuka maziwa. Bibi aliitikia, "Kweli," kama mtu anayeitikia dua.

Upo pia ugumu wa adabu. Sosuke anawaita mama na baba yake kwa majina yao, Lisa na Koichi. Watoto waliokuwepo waliangaliana, na mmoja alimwita bibi kwa jina lake kwa majaribio. Hakurudia. Na tukitoka nje ya Ponyo, mzazi ana haki ya kulalamika kwamba katuni nyingi za Kijapani wanazoletewa vijana kwenye flashi hazikukusudiwa watoto, zina damu nyingi na zinawavua wanawake nguo bila sababu ya kisanaa. Kumtetea Miyazaki si kuutetea mzigo wote uliokuja na meli moja.

Lugha ya katuni

Tumefika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Katuni ile ilikuwa kwa sauti za Kifaransa. Bibi hakielewi Kifaransa, na watoto wadogo wanakielewa nusu. Aliyewawezesha kuelewa ni mwanafunzi wetu, aliyesimama kando ya kompyuta akasimulia kwa Kiswahili cha Rumonge, akitia Kirundi pale Kiswahili kilipomkimbia. Kazi hiyo ina mabingwa wake katika ukanda wetu: Lufufu katika vibanda vya video vya Tanzania, DJ Afro huko Kenya. Lakini hatukuwahi kuitazama kama somo.

Tuchukue mifano miwili. Ponyo hupenda sana hamu, ile nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nyumba ile ni ya Waislamu. Mwanafunzi alisema "nyama" na akaendelea. Je, huo ni uongo au ni tafsiri? Sisi tunaona ni tafsiri, kwa sababu uamuzi wa mtunzi ulikuwa kuonyesha mtoto anayependa kitu kitamu, wala hakukusudia kuzungumzia nguruwe.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Ponyo ni nani kwa Kiswahili? Watu wa pwani watasema nguva, lakini nguva ni mnyama wa baharini asiyejulikana ziwani kwetu. Bibi aliuliza kama ni mamba-muntu. Msomaji aliyeona michoro ya Lubumbashi anamjua mwanamke huyo wa majini, anayetoa utajiri na kudai roho ya ndugu kama malipo. Neno hilo lingemgeuza mtoto mpole kuwa jini la kuogopwa. Mwanafunzi alitafuta kidogo, akasema "kasamaki kenye uso wa mtoto", na watoto wakacheka kwa upendo. Kwa kiambishi kimoja cha udogo alitatua tatizo ambalo tungelijadili semina nzima.

Linganisha na The Lion King, katuni ya Magharibi ambamo Kiswahili husikika kuliko nyingine tuzijuazo. Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu. Fisi mmoja amepewa jina Shenzi. Na "hakuna matata" ilisajiliwa Marekani kama alama ya biashara ya Disney mwaka 2003. Ni filamu iliyotungwa kwa ufundi, hatubishi. Lakini ndani yake Kiswahili ni pambo la ukutani, na mazungumzo ya maana yanafanyika kwa Kiingereza. Ponyo haina neno hata moja la Kiswahili, na jioni ile ilizungumza Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu palikuwa na mtu aliyeona inafaa kusemwa hivyo.

Hitimisho

Tulimrudishia mwanafunzi ruhusa yake, kwa sharti kwamba aandike upya hoja yake na asitumie tena maneno "Wazungu" na "Wajapani" kana kwamba kila upande ni mtu mmoja. Alama atazipata kwa jasho lake kama wengine.

Kwa walimu wenzetu tuna mapendekezo mawili. Kwanza, uhakiki wa katuni upewe nafasi katika kozi zetu, kwa vigezo vya fani na maudhui na bila huruma ya ziada. Pili, wanafunzi wafundishwe kutia sauti za Kiswahili katika filamu, wakiandika kwanza mazungumzo na kuyajadili. Vipindi vya Ubongo Kids kutoka Tanzania vimekuwa vikiwafundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu mwaka 2014, kwa hiyo lugha haijashindwa. Kinachokosekana ni hadithi ndefu zenye ukimya ndani yake, na watu wa kuzisema.

Tulipoaga, bibi alitusindikiza hadi mlangoni. Alitaka kuhakikisha jambo moja ambalo katika kelele za watoto hakulisikia vizuri: yule baba, je, alirudi? Tulimjibu kwamba merikebu zilizokwama ziliweza kurudi bandarini. "Basi imekwisha vizuri," alisema. Upande wa ziwa taa zilikuwa zimeshaanza kuwaka.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu wa Nyanza-Lac, Kigoma, Uvira na Kalemie, watuandikie kwa ajili ya toleo lijalo: huko kwenu kiumbe aliye nusu mtu nusu samaki mnamwitaje, na je, jina hilo mngempa mtoto mdogo anayependa nyama?